Maji Yataletwa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Nukta alitoka uani na ndoo ya bluu, akaiweka chini ya bomba, akafungua koki. Bomba likakohoa mara mbili, kisha likasema kwa sauti nzito ya kiume, "Ndugu wananchi, maji ni uhai." Nukta akalifunga. Alitaka tu kujua kama kuna mabadiliko, na mabadiliko hayakuwepo.

"Limesema nini leo?" mama yake aliuliza kutoka chumbani.

"Lile lile."

"Liambie lifumbe domo, litoe maji."

"Nimekwisha liambia, mama."

Hakuwa ameliambia kitu. Miaka ya mwanzo watu waliyatukana mabomba, wengine wakayapiga kwa spana, lakini huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja, na mtu huchoka. Siku ya ufunguzi wa mabomba Mheshimiwa diwani alikuja na mkasi, akakata utepe, akasoma hotuba ya kurasa mbili, kisha akafungua koki ya kwanza mbele ya umati. Kilichotoka ni hotuba ile ile, kwa sauti yake mwenyewe, kuanzia mwanzo. Watu wakapiga makofi kwa adabu wakidhani ni sehemu ya sherehe. Kesho yake ikatoka tena, kwenye mabomba yote ya mtaa. Mwaka wa tatu akatumwa fundi bomba. Aliingiza kidole kwenye koki, akakitoa kikavu, akachimba kidogo nyuma ya nyumba ya kinyozi, akaandika kwenye fomu yake kwamba bomba linakwenda hatua arobaini na kuishia udongoni, na kwamba kwa upande wa sauti halina hitilafu. Akafunga begi lake, akaaga, akaenda zake.

Basi mtaa ukazoea. Mwalimu wa darasa la nne aliwaleta wanafunzi wake kwenye bomba la kona kwa ajili ya imla, maana sarufi ya hotuba ilikuwa safi. Ndoo iliyosahauliwa chini ya koki ilijaa hotuba, na hata ukiifunika ungeisikia ikinong'ona mpaka jioni. Mwishoni mwa hotuba yalidondoka makofi machache, moja moja, na kinyozi aliwahi kujaribu kumwagilia mboga zake kwa makofi hayo. Hazikuota.

Mama yake Nukta alikuwa na mwaka wa pili kitandani, miguu imegoma. Alikuwa na kidonda kisiginoni na kingine kiunoni, na muuguzi aliyekuja kumtazama alisema bila kuzunguka mbuyu kwamba vidonda vya kulala vinataka maji mengi, asubuhi na jioni, si kitambaa kilicholoweshwa. "Maji mengi, dada. Yamiminike." Nukta alikuwa na madumu mawili kwa siku. Moja lilikwenda kwenye chakula, vyombo na mashuka. La pili lilikuwa la mama, na likiisha limeisha. Kila jioni alimgeuza mama yake ubavu, akakitazama kidonda cha kiunoni, na kila jioni kilikuwa kikubwa kidogo kuliko jana. Hakumwambia mama yake. Mama yake naye, aliyekuwa akikisikia, hakumwambia yeye.

Mchana Nukta alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Jina hilo alipewa huko, kwa sababu aliwahi kusimamisha mashine na kurudisha kitabu cha kurasa mia tatu kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Hakuna karatasi iliyokwenda kwenye mashine bila sahihi yake kwenye kona ya chini, kwa wino mwekundu. Mafundi wa mashine walikuwa na msemo wao, kwamba pasipo na sahihi ya Nukta, hapana kilicho sahihi. Alijifanya hausikii, lakini aliupenda.

Hotuba ya mabomba nayo ilipita mikononi mwake, kwa kuwa ilichapwa kwenye kijitabu cha ufunguzi. Siku nyingine aliliacha bomba liseme mpaka lifike kwenye "kila nyumba itafikiwa; kila ndoo itajazwa," ili tu aisikie ile nukta-mkato. Alikuwa ameiweka yeye. Miaka kumi na moja, na haijahama mahali pake. Tuseme ukweli, aliionea fahari.

Uchaguzi ulipokaribia, aliyejitokeza kumpinga Mheshimiwa alikuwa Mama Madumu.

Huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, aliyeuza maji kwa mkokoteni kutoka kisima cha ng'ambo ya kilima. Herufi r haikuwahi kuhamia mdomoni mwake. Barabara aliita balabala, serikali aliita selikali, na siku ya kwanza ya kampeni alipanda juu ya dumu lililogeuzwa, pale kona ya kinyozi, akatandaza mikono na kusema kwa sauti kubwa:

"Ndugu zangu, nagombea udiwani. Naomba kula zenu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. "Angalau huyu kasema kweli!" alipaza sauti. "Wenzake huomba kura ndipo wakala!" Mama mmoja mwenye utani akaingia ndani, akarudi na sahani ya wali. Mama Madumu hakukasirika. Akaipokea, akakaa juu ya dumu lake, akala mpaka akamaliza, akanawa, akarudisha sahani.

"Asante sana," akasema. "Hiyo nimepata. Sasa bado ile nyingine."

Nukta alikuwa akipita kutoka kazini. Aliposikia neno lile alifumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba, akafika nyumbani na kichwa kinamgonga.

"Mtu anayeshindwa kutamka anachokiomba," alimwambia mama yake, "akikipata atakifanya nini?"

"Madumu yake yanavuja?"

"Hapana."

"Huchelewa?"

"Hajawahi. Lakini mama, huyu anauza maji! Maji yakitoka bombani atakula nini? Nani anakata tawi alilokalia? Kuna kitu hapo."

"Muulize," mama yake alisema, akageuzia uso ukutani. "Mimi mgongo unaniuma."

Hakumuuliza. Wiki ile yote aliyapokea madumu yake mlangoni kwa salamu fupi, na Mama Madumu, ambaye hakuwa na habari kwamba amenuniwa, alimjibu "Habali yako, dada" kila asubuhi kwa uchangamfu ule ule.

Ilikuwa Jumatatu Mama Madumu alipoingia kiwandani na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alitaka vipeperushi. Meneja alikuwa nje, kwa hiyo karatasi ikafika moja kwa moja mezani kwa Nukta. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, na mwandishi alikuwa ameandika kama anavyosema:

NAOMBA KULA YAKO. NITALETA MAJI. NISIPOLETA NJOONI NYUMBANI MNIULIZE. NAKAA NYUMBA YA PILI KUTOKA KINU CHA NAFAKA.

Nukta akachukua kalamu nyekundu. Akakata l, akaweka r. Kisha, mkono ukiwa umeshazoea, akakata NITALETA MAJI na juu yake akaandika MAJI YATALETWA. Akageuza karatasi ili mteja aone.

Mama Madumu akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kilipofika kwenye neno la mwisho kikasimama.

"Na nani?"

"Nani nini?"

"Yataletwa na nani?"

"Haijasemwa," Nukta alijibu. "Ni mtindo tu. Kujitajataja mimi, mimi, si uandishi mzuri."

"Dada yangu." Mama Madumu akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Mimi nikimwambia mteja 'maji yataletwa', ananifungia mlango anakwenda kutafuta mtu mwingine. Namwambia 'nitaleta'. Nikishasema hivyo, nisipofika, ananijua mimi na anajua ninapolala. Ukiondoa 'ni', nani ataulizwa?"

Nukta akaiweka kalamu chini. 

"Na wewe mwenyewe?" Nukta aliuliza. "Maji yakitoka, biashala... biashara yako je?"

"Huu mgongo umepanda kile kilima miaka kumi na sita," Mama Madumu akasema. "Nitauza kitu kingine. Nitauza hata ndimu. Ndimu hazina uzito."

Nukta alitazama chini. Alikuwa ametamka l mahali pa r kwa mara ya kwanza maishani mwake, na paa halikuanguka. Akaomba dakika tano, akaingia kwenye chumba cha nyuma ambako prufu za zamani, yaani karatasi zilizosahihishwa kabla ya kuchapwa, zilifungwa kwa kamba, mwaka baada ya mwaka. Hakuhangaika sana kuipata. Hotuba ya ufunguzi wa mabomba, kurasa mbili, vumbi jepesi. Mheshimiwa alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: Nitawaletea maji. Nitasambaza mabomba. Nitafikia kila nyumba. Nukta alihesabu nita kumi na nne. Zote zilikuwa zimekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mtu anayeipenda kazi yake, palikuwa na maelezo: "Kurudiarudia kunachosha. Tumia kauli ya kutendwa." Na chini kwenye kona, sahihi yake.

Nyani haoni kundule, na msahihishaji ndiye nyani mkubwa. Nukta alisimama mle ndani akiwaza kile kidonda cha kiunoni.

Aliporudi mezani alirudisha NITALETA MAJI mahali pake. Kisha akaweka vinukta vidogo chini ya KULA, alama ambayo kwa wachapaji humaanisha liachwe lilivyo.

"Umekubali?" Mama Madumu aliuliza.

"Ndivyo unavyosema. Wakisoma kura watadhani ni mtu mwingine."

Akatia sahihi. Lilikuwa kosa la kwanza kulipitisha katika miaka ishirini na nane, na alilipitisha macho makavu.

Jioni ile alimweleza mama yake yote, akiwa amemgeuza ubavu na kumwoshea kidonda kwa maji yaliyobaki. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe hilo bomba ni lako," alisema.

"Ni langu, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kwani mimi ni bomba? Kesho nenda ukalisahihishe."

Asubuhi Mama Madumu alipoleta maji, Nukta alimshika mkono akampeleka uani. Akafungua koki. Bomba likakohoa, likatoa salamu zake, likasema maji ni uhai, likasema, "Maji yataletwa."

Mama Madumu akainama, akaweka mdomo karibu na koki kama mtu anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri.

"Na nani?"

Bomba likanyamaza. Halikuwahi kunyamaza katikati ya hotuba tangu liwekwe. Nukta alihesabu mpaka tisa. Ndani ya chuma kulisikika kitu kama mtu anayepekua karatasi. Kisha, kwa sauti iliyopungua, likasema, "Mabomba yatasambazwa."

"Na nani?"

Kimya tena, na safari hii kirefu zaidi. Kinyozi, aliyekuwa akipiga mswaki ng'ambo ya ukuta, aliacha kupiga mswaki. Akaliendea bomba lake, akalifungua, akangoja sentensi, akaliuliza. Kufika saa mbili mtaa mzima ulikuwa nje, kila mtu ameinamia koki yake, wengine kwa kanga za usiku, na swali lilikuwa moja. Hotuba ya dakika sita ilichukua saa nzima kumalizika, na makofi hayakutoka. Mama yake Nukta alilala usingizi mzuri mpaka adhuhuri, akisema baadaye kwamba mtaa haujawahi kuwa na utulivu kama ule.

Maji hayakutoka. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akangojea.

Toka siku hiyo Nukta alikuwa mtu wa Mama Madumu waziwazi. Alikibandika kipeperushi cha KULA juu ya mlango wake mwenyewe, na wafanyakazi wenzake walipopita na kumtania, aliwajibu, "Someni mstari wa pili." Jumamosi alimsindikiza kwenye kona tatu, akabeba lile dumu la kupandia. Alikuwa bado anakunja uso kidogo kila aliposikia "selikali", lakini alikunja kama mtu anavyokunja kwa chai ya moto, huku akiendelea kunywa. Mheshimiwa alipopita na gari lake la vipaza sauti, akisema kwa Kiswahili kitamu kwamba mengi yamefanyika na mengi yatafanyika, watu walimngojea amalize sentensi, wakamuuliza lile swali. Gari likapandisha vioo.

Siku ya kumi kabla ya uchaguzi, prufu ya karatasi ya kura ikafika mezani kwa Nukta.

Ilikuwa na majina mawili. La kwanza ni la Mheshimiwa. La pili ni la shemeji yake Mheshimiwa, aliyegombea kila mara ili uchaguzi ufanane na uchaguzi. Chini ya hapo palikuwa peupe. Nukta alisoma mara tatu, kama kawaida yake, mara moja kutoka mwanzo, mara moja kutoka mwisho, mara moja kwa rula. Kisha akaichukua karatasi akaingia kwa meneja.

"Kuna jina limeruka hapa."

Meneja hakuinua macho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto watano. "Halijaruka. Limeondolewa."

"Na nani?"

"Dada Nukta, usinianzishie hayo ya mabombani. Imeonekana hana ufasaha wa lugha. Imeamuliwa."

"Imeonekana na nani? Nani kaamua?"

"Imeamuliwa," meneja alirudia, na mara hii alimtazama, macho yamechoka. "Wewe si ndiye unayejua lugha kuliko sisi sote? Mtu anasema kula! Tia sahihi, mashine inangoja. Umebakiza miaka miwili ustaafu, usijitie kitanzi kwa sababu ya muuza maji."

Nukta aliweka prufu juu ya meza yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa amekwisha vua.

"Nimesahihisha lugha ya watu miaka ishirini na nane," alisema. "Ya huyu ina kosa la herufi moja. Ya kwenu haina mtu ndani. Sitii sahihi."

"Basi nitatia mimi."

"Tia. Ila uandike jina lako, bwana. Usiandike 'imetiwa'."

Meneja akatia, baada ya kuigeuzageuza karatasi, kwa sababu hakuwahi kutia sahihi kwenye prufu na hakujua inakaa kona ipi. Nukta akachukua kalamu yake nyekundu, ambayo ilikuwa mali yake, na kikombe chake cha chai, akatoka kwa mlango wa mbele. Mafundi walisimamisha mashine mpaka alipofika barabarani. Alilia kidogo kwenye kona ya pili, kisha akajipangusa.

Mama Madumu alipopewa habari alikaa juu ya ukingo wa mkokoteni.

"Basi yamekwisha," alisema. "Umeacha kazi kwa ajili yangu, na mimi simo hata kwenye kalatasi."

"Jina likikosekana kwenye karatasi," Nukta alimwambia, "kuna alama yake."

Akamwonyesha. Ni alama ya kupachika, ndogo, kama paa la nyumba, inayowekwa pale ambapo neno limesahauliwa, na neno lenyewe huandikwa juu yake. Kwa siku tisa zilizobaki Nukta aliketi barazani kwake, na watu wakaja kujifunza. Walitumia migongo ya vipeperushi. Kinyozi aliipata mara ya kwanza, akawa anajidai. Mwalimu wa darasa la nne aliwafundisha wazazi wa wanafunzi wake. Mama yake Nukta alijifunzia kitandani, juu ya jarida la zamani, akiandika MAMA MADUMU kwa herufi zilizopinda lakini zinazosomeka. Aliyeshindwa kabisa ni mgombea mwenyewe.

"Nikiichola mimi inakuwa kama mlima," alilalamika.

"Mlima unatosha," Nukta alisema.

Hakumdanganya mtu. Alimwambia wazi kila aliyeketi mbele yake kwamba sheria inataka tiki tu, na kwamba karatasi yenye neno lolote lingine itatupwa upande wa zilizoharibika. "Mnajua hazitahesabiwa."

"Na zile zilizohesabiwa miaka yote hii," kinyozi alimuuliza, "zilituletea nini?"

Siku ya uchaguzi kulikuwa na jua kali. Foleni ilizunguka shule mara mbili. Walinzi waliamriwa kuwanyang'anya watu kalamu zao mlangoni, na watu wakazitoa bila ubishi, wakajaza ndoo nzima, kwa kuwa kila kibanda cha kupigia kura kilikuwa na kalamu yake iliyofungwa kwa uzi. Mama yake Nukta alipelekwa kwa mkokoteni, amelazwa ubavu juu ya magodoro mawili, Mama Madumu akivuta na Nukta akisukuma. Alikaa kibandani muda mrefu kuliko wote, na alipotolewa aliuliza kama alama yake ilikuwa juu ya mstari au chini. Nukta akamwambia ilikuwa pale pale inapotakiwa.

Kuhesabu kulimalizika alasiri. Karani wa uchaguzi, mtu mwembamba mwenye miwani, alisimama mbele ya ukumbi wa shule akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma kila kitu. Kura halali, sitini na moja. Za Mheshimiwa arobaini na nane, za shemeji kumi na tatu. Kura zilizoharibika, elfu mbili mia tisa na saba. Karani hakuwa mjinga, naye alikuwa na bomba nyumbani kwake, kwa hiyo hakusema kwamba Mheshimiwa amechaguliwa. Alisema, "Mshindi ni Mheshimiwa," akakunja karatasi.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Nukta akanyanyuka kutoka benchi la tatu.

"Naomba nione moja."

Karani aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akachukua moja kutoka kwenye rundo kubwa, akampa. Nukta akavaa miwani. Alisoma mara tatu, kutoka mwanzo, kutoka mwisho, na kwa rula, yaani ukucha wa kidole chake. Alama ilikuwa mahali pake. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa, na aliyeliandika alikuwa amekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Hii haijaharibika," alisema. "Imesahihishwa. Zote hizo zimesahihishwa, na waliozisahihisha ni hawa hapa. Waulize mmoja mmoja, watakwambia majina yao."

"Kwenye fomu hakuna nafasi ya hilo neno, mama."

"Andika pembeni."

"Pembeni hapaandikwi," karani alisema, si kwa ukali. Akaandika elfu mbili mia tisa na saba mbele ya neno zilizoharibika, akapiga muhuri. Ndivyo ilivyo mpaka leo kwenye kumbukumbu zao.

Mheshimiwa aliapishwa wiki iliyofuata. Mabomba yanaendelea kuhutubia na watu wanaendelea kuyauliza, na baadhi ya mabomba sasa hufika sentensi ya nne tu kwa siku. Kiwanda kimeajiri msahihishaji mwingine, kijana mpole anayetia sahihi haraka. Nukta husukuma mkokoteni. Siku ya kwanza alidhani moyo utampasuka pale katikati ya kilima, lakini haukupasuka, na kwa kazi hiyo mama yake hupata madumu manne kwa siku. Kidonda cha kisigino kimefunga. Cha kiunoni bado.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe. Mwanamke aliyegombana na jirani yake kuhusu ukuta alimngojea Mama Madumu njiani, na Mama Madumu akashusha madumu, akaupima ukuta kwa hatua. Mwalimu alimpelekea habari za choo cha shule. Wenye kesi, wenye maombi, wenye barua za kuandikiwa, wote walisimama kando ya barabara asubuhi wakiwa na vyombo vyao, na mkokoteni ukawa unachukua saa tatu kumaliza mtaa uliokuwa ukichukua moja.

Asubuhi moja walifika kwenye geti la kijani, nyumbani kwa karani wa uchaguzi. Alitoka mwenyewe, shati halijafungwa vifungo, dumu tupu mkononi, nyuma yake bomba la uani likinyamaza katikati ya sentensi.

"Habari za asubuhi, Diwani," alimwambia Mama Madumu, akinyoosha dumu lake.

"Nzuli," Mama Madumu akajibu, akaanza kummiminia.

Nukta, aliyekuwa nyuma ya mkokoteni, alilisikia lile neno la karani vizuri. Hakumsahihisha.